Wanayasifu Meno Yangu, Nami Najua ni ya Kauri

Bi Shufaa mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Moroni, na naomba mkono utakaoifungua bahasha hii uwe wako wewe na si wa karani, maana mimi mwenyewe nilikuwa karani na najua jinsi makarani wanavyosoma barua za watu. Nimeamua kukuandikia wewe uliye mbali kwa sababu visiwa vyetu ni vidogo na hapa simjui mtu mwenye busara ambaye hana undugu na mke wangu. Kiswahili nilikipata Unguja, nilikozaliwa na wazazi Wangazija, tukarudi huku baada ya mambo ya mwaka sitini na nne, na gazeti lenu hutufikia kwa mikono ya mabaharia likiwa limechelewa na limekunjwa kila namna, lakini ukurasa wako sijawahi kuupata umechanwa ufungiwe samaki, na hilo nadhani unastahili kulijua. Jina langu usilitoe. Niite Djoumoi.

Shida yangu ni meno yangu ya mbele. Si kwamba ni mabovu, Bi Shufaa, shida ni kwamba ni mazuri mno.

Miaka michache kabla ya uhuru nilikuwa nateremka kwa pikipiki ndogo kutoka Mvouni, kijiji kilicho juu ya mji wetu, mvua imetoka kunyesha na barabara yenyewe ni jiwe jeusi la volkano lisilomhurumia mtu, nikateleza kwenye kona, nikaanguka kifudifudi, na nilipoinuka meno manne ya juu yalikuwa yamekatika nusu nusu kama magae ya chungu. Mzee mmoja wa pale aliniosha damu akanipa maji ya kusukutua. Toka siku ile nikawa mtu wa kuongea na kiganja mdomoni, ofisini nikiitwa naitikia kwa kichwa, nikiambiwa jambo la kuchekesha natazama chini, hata wenzangu wakadhani nimeshika dini kuliko wao.

Mke wangu Zalifa ni mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani, na ndiye aliyenipeleka kwao kwa daktari wa meno aitwaye Chanfi, Mnzwani aliyesomea Tananarive, mtu mpole asiyesema maneno mengi. Daktari akasema mizizi ni mizima, hapana haja ya kung'oa, atayachonga mabaki yawe kama vigingi kisha kila kigingi akivike kifuniko cha kauri. Akanichoma ganzi, akachonga, na ganzi haikufika kila mahali, hilo nalikumbuka vizuri. Akanitia kinywani kitu kama uji mzito kikaganda, akakitoa kikiwa na alama za meno yangu, akakipeleka kwa ndege Tananarive ambako ndiko walikotengeneza vifuniko vyenyewe. Ilipofika kuchagua rangi alinionyesha vipande vingi vya mfano akanishauri nichukue ya manjano kidogo ilingane na meno ya chini, nami nikachagua nyeupe kuliko zote. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nimekaa na kiganja mdomoni muda mrefu, sasa nataka nionekane.

Vifuniko vilirudi wiki ile ile ya uhuru, mwezi wa Julai mwaka sabini na tano, na nilipotoka kwa daktari watu wamejaa vichochoroni wanashangilia, nami nacheka kwa meno yote, wakanikumbatia watu nisiowajua wakidhani nacheka kwa ajili ya nchi. Baadaye tukahamia Badjanani, mji wa zamani hapa Moroni, mtaa ambao hakuna aliyenijua nikiwa kibogoyo. Mama mkwe wangu aliyejua yote amekwisha kufariki, na shemeji yangu Echat, dada yake Zalifa, wakati ule aliishi kisiwa cha Mwali kwa mumewe, kwa hiyo aliniona harusini na meno yangu ya kuzaliwa, akaniona tena na haya ya kauri, katikati hakuona kitu.

Sasa nifike penyewe. Mapinduzi yalipokuja, mwezi mmoja tu baada ya uhuru, mambo mengi yalibadilika, na mwaka huu wa sabini na saba serikali ikawarudisha makarani karibu wote nyumbani, mimi mmoja wao. Wafaransa wameondoka na vitu vyao, na kati ya vilivyokosekana madukani ni dawa ya mswaki. Watu wakanung'unika. Siku moja kamati ya vijana ya mtaa wetu ikaita mkutano baada ya sala ya alasiri, mwenyekiti wake ni kijana Inzoudine, ametoka shule juzi tu, ana akili na ana sauti, akawa anawaambia watu kwamba babu zetu hawakuijua dawa ya tyubu na walikufa na meno yao. Watu hawakuvutika. Ndipo macho yake yakaniangukia, akasema, "Ndugu Djoumoi, hebu tuambie, wewe unatumia nini?"

Bi Shufaa, naomba uliangalie hili kwa haki. Nilikuwa nimetoka msikitini na mfukoni nina mswaki wangu wa kijiti. Sikusema neno. Niliutoa tu nikauinua. Inzoudine akasema, "Tabasamu, ndugu," nikatabasamu, na watu wakapiga makofi. Kama kuna uongo hapo basi ulisemwa na mkono.

Tangu siku hiyo nikawa mtu. Kamati ikanichukua mtaa kwa mtaa, kisha kijiji kwa kijiji, natanguliwa na vijana wenye ngoma, naeleza jinsi ya kutafuna kijiti mpaka kifanye nyuzi, jinsi ya kusugua toka ufizini kwenda chini, halafu natabasamu. Kwa kazi hiyo napata fungu la mchele wa kamati, na mtu aliyerudishwa nyumbani bila mshahara hawezi kuudharau mchele. Zalifa alikuwa akinitazama navaa kofia asubuhi akaniambia, "Meno yako nayajua, Baba. Nilikuwepo yalipozaliwa." Akaendelea kupepeta mchele.

Wakanipeleka Mvouni. Nilikuwa nimesahau, au nilijifanya nimesahau. Nimekwisha kutabasamu na makofi yameanza kupungua, mzee mmoja akasogea mbele, nikamtambua kabla hajafungua mdomo, ni yule yule aliyeniosha damu, anaitwa mzee Bacar. Akasema, "Wewe nakujua. Uliangukia pale konani, meno yakakatika. Niliyashika mwenyewe vipande."

Watu wakanigeukia. Nikasema, "Huyo alikuwa ndugu yangu, mzee. Tumefanana."

"Loo, kweli mmefanana. Naye yuko wapi siku hizi?"

Mimi nilitaka tu kumpeleka mbali huyo ndugu ambaye hayupo, mahali ambapo hataulizwa tena, nikasema, "Alihamia Majunga."

Wewe uliye huko pengine habari hii imekufikia kwa redio tu. Mwishoni mwa mwaka jana watu wetu wengi waliuawa katika ghasia kule Majunga, bandari ya nchi ile ile ya Tananarive, na waliosalimika wamerudishwa huku kwa meli na ndege hawana hata mikeka, hakuna mji hapa usiokuwa na msiba wake. Mzee Bacar akaniangalia, macho yakamlowa, akasema, "Mungu amrehemu." Kisha akainua mikono, na uwanja mzima ukainua mikono, wakamsomea fatiha ndugu yangu. Mama mmoja aliyempoteza mwanawe wa kweli kule alijifunika uso kwa kanga. Na mimi ningefanya nini? Niliinua mikono nikaitikia amin, nikijiombea rehema mimi mwenyewe nikiwa hai nimesimama.

Niliporudi nikamwendea Inzoudine ofisini kwake. Naomba ulikumbuke hili pia, kwamba nilijaribu. Nikamwambia, "Ndugu mwenyekiti, kuna jambo kuhusu meno yangu."

"Yanakuuma?"

"Hayaumi. Ni ya kauri."

Akainuka akaufunga mlango. "Nani anajua?"

"Mke wangu. Na daktari wa Mutsamudu aliyeyatengeneza."

"Basi wabaki hao hao. Ndugu Djoumoi, watu wameacha kulilia dawa ya Wafaransa kwa sababu yako. Meno hayo si yako tena. Ni ya umma."

"Lakini ni uongo."

"Mswaki ni uongo?"

"Mswaki si uongo."

"Sasa uongo uko wapi?"

Nikakosa jibu, na kusema kweli nilitoka pale nimepumua, kwa kuwa nimekwisha kukiri na mkubwa wa kamati ameniruhusu. Juma lililofuata wakanipandisha ndege mpaka Ouani, kiwanja cha Nzwani, na kutoka hapo gari mpaka Mutsamudu, niwahutubie chini ya ngome. Uwanja umejaa. Mbele kabisa, kati ya wanawake waliojitanda shiromani, zile shuka zao nyekundu za Nzwani, amekaa shemeji yangu Echat, amefiwa na mumewe na amerudi kuishi nyumba ya mama yao, anashona kofia kwa kuuza, na alikuwa akiwaonyesha wenzake kwa kidole kwamba huyu ndiye shemeji yake. Na nyuma kabisa, ameegemea ukuta, amesimama Daktari Chanfi.

Nilitabasamu, Bi Shufaa, lakini sijui niliupata wapi uso.

Baada ya mkutano daktari akanifuata, akanipa mkono. "Yamekaa vizuri?"

"Yamekaa, bwana daktari."

"Fizi hazitoki damu?"

"Hazitoki."

"Alhamdulillahi." Akayatazama tena kama mtu anayetazama shamba alilouza. "Ile rangi nilikwambia ni nyeupe mno. Kumbe ulijua utaifanyia nini." Akaenda zake. Baadaye nikasikia kwamba tangu habari zangu zifike Nzwani, benchi la wagonjwa mlangoni kwake hukaliwa na kuku.

Nikala chakula kwa Echat. Alikuwa anatafunia upande mmoja. Akaniambia, "Shemeji, nina gego linanisumbua toka mwezi wa Ramadhani, nilikuwa niende kwa Chanfi, ila leo umenitia moyo. Nitaushika mswaki kama wewe."

Na mimi nikasema, "Inshallah."

Hapa niliiacha barua hii kwa muda, na nilidhani nitaimalizia kwa kukuuliza kama inafaa niendelee hivi mpaka dawa ya mswaki irudi madukani. Sasa siulizi tena hilo, nakueleza kilichotokea.

Alikuja msafiri kutoka Nzwani akamwambia Zalifa dada yako amevimba uso. Tukaenda. Tulimkuta amelala, shavu limejaa mpaka jicho limezibwa, homa inamchoma, taya haifunguki hata kijiko kipite, na kando ya mto wake pana mswaki wa kijiti umetafunwa vizuri, nyuzi zake zote zimepangika kama nilivyofundisha. Zalifa akapiga magoti. "Dada, kwa nini hukwenda kwa Chanfi?"

Echat hakuweza kusema. Aliinua mkono akaninyooshea kidole.

Zalifa akanigeukia akaniangalia, si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Kisha akaniambia, "Kamlete daktari."

Nilikimbia. Daktari Chanfi alikuja na mkoba wake bila kuniuliza kitu, akapasua ufizi, usaha ukatoka, na taya ilipolegea akang'oa lile gego na mengine mawili yaliyooza pembeni yake, akamchoma sindano, akasema kama tungechelewa zaidi uvimbe ungemshukia kooni na hapo yeye si mtu wa kuitwa tena. Alikuja kumwangalia kila siku. Sasa Echat anakaa, anakunywa uji, ameanza hata kushona, ila uzi anakata kwa mkasi.

Siku tuliyomuaga aliomba tubaki wawili peke yetu. Zalifa alikuwa amekwisha kumwambia yote. Nilijitayarisha kutukanwa. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu ambaye mdomo bado ni mzito, "Shemeji, siku ile alipokuchonga, iliuma?"

Nikasema, "Iliuma."

"Sana?"

"Sana. Halafu ikaisha."

Akasema, "Mimi nilikuwa naogopa tu. Ungeniambia maneno hayo mawili ningekwenda."

Hajamwambia mtu yeyote, Bi Shufaa. Majirani wakimuuliza anasema ni mapenzi ya Mungu, na wanaondoka wanasema laiti angeanza mswaki mapema.

Sasa Inzoudine amekuja na habari kwamba kwa vile safari zimefanikiwa nitapelekwa redioni kuzungumza na visiwa vyote kuhusu meno. Nimeanza kuwaza kuugua siku hiyo. Au niyavunje haya meno kwa jiwe niseme nimeanguka tena, lakini yamegandishwa imara na naogopa maumivu. Au niende nizungumze juu ya mswaki bila kuyataja meno yangu, kwani redioni tabasamu halionekani. Nikisema kweli nitapoteza mchele, na pengine kamati itasema nimeihujumu, na daktari naye nitamtia mashakani. Nikinyamaza, kila nikipita mlangoni pa mtu namwona ana shavu kubwa. Zalifa ananipikia, ananisalimu, ila haniiti tena Baba. Naomba unielekeze, unifikirie kama mtu aliyeingia kwenye jambo hili bila kusema neno lolote.

Wako mwenye kuhitaji,
Djoumoi, Moroni

Bi Shufaa anajibu

Bwana Djoumoi,

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nilipofika Mvouni. Mara ya pili sikucheka kabisa.

Niseme kwanza lililo jepesi. Kutengeneza meno si dhambi na si aibu. Uliumia, ukapata daktari hodari, akakurudishia kinywa. Ungewaambia watu hivyo siku ya kwanza, wangekupongeza na wangerudi kwenye mazungumzo yao. Hata weupe nakusamehe. Mtu aliyefunika mdomo miaka mingi ana haki ya kupita kiasi mara moja.

Lakini hili la kusema hukusema neno, usiniletee. Umenirudia nalo mpaka kwenye mstari wa mwisho, kwa hiyo najua unalipenda. Mwenye duka anayeegemeza mkono kwenye mizani naye hasemi neno. Ulijua unachouza, na wao hawakujua wanachonunua. Tena maneno yalikuja baadaye, na yalipokuja hukuyabania.

Umefanya watu wakuombee maiti ya ndugu uliyemzua, mbele ya mama mwenye maiti ya kweli. Nimelitafutia hili jina zuri nikakosa. Ulikuwa na nafasi ya kusema, "Ndiyo, mzee Bacar, ndimi, na ahsante kwa maji yale," na badala yake ukamtuma marehemu wako Majunga, mahali ambapo watu wanalia mpaka leo, kwa sababu palikuwa mbali na pana faida. Katika yote uliyoyafanya hili ndilo la kwanza kulirudia. Nitakwambia namna.

Kuhusu huyo mwenyekiti wako, usijifiche nyuma yake. Yeye ni kijana, na kijana mwenye sauti hupewa madaraka kabla ya umri wake. Wewe una mke, una mvi bila shaka, na ulikwenda kwake ukitumaini atakukataza kusema kweli. Akakukataza, ukapumua, umeandika mwenyewe. Amekuambia meno yako ni ya umma. Vyema. Basi umma una haki ya kujua mali yake imetengenezwa kwa kitu gani. Hilo ndilo jibu ulilolikosa ofisini kwake, nakupa bure.

Aliuliza uongo uko wapi kama mswaki si uongo. Mswaki ni mzuri. Bibi yangu aliutumia, nami nautumia. Mswaki hulinda jino zima. Jino lililokwisha kuoza linataka daktari, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote kisiwani, kwa kuwa ulikwisha kukaa kwenye kiti chake. Katika ukoo mzima ni wewe tu uliyeijua ile sindano na ile mashine, ukajua kwamba inauma na kwamba inaisha. Kumbe ulikuwa na kitu cha kweli cha kuwafundisha watu, ukakiweka mfukoni ukatoa kijiti.

Shemeji yako Echat amekuambia maneno machache kuliko yangu na yana uzito kuliko yangu. Kunyamaza kwake usikuhesabu kuwa msamaha. Anamhifadhi dada yake. Kila jirani anayemsikitikia kwa kutoanza mswaki mapema anamwekea aibu isiyo yake, na aibu hiyo mwenyewe ni wewe. Na hata baada ya kumwona katika hali ile, hatua yako ya pili ilikuwa kukaa na karatasi kuniandikia mimi, mtu ambaye barua yako imenifikia wiki nyingi baadaye, imepigwa mihuri mpaka anwani haisomeki. Na kama angekuwepo mwingine mwenye shavu? Jipu la fizi halingoji posta, bwana.

Sasa fanya hivi.

Meno usiyavunje. Ni kazi ya mtu na ni kinywa chako, na ukiyavunja utawapa watu msiba mwingine wa kuombea. Kuugua pia usiugue.

Anza Mvouni. Nenda kwa miguu kama huna gari, peke yako, bila ngoma. Mtafute mzee Bacar nyumbani kwake, umwambie ni wewe uliyeanguka, na kwamba hukuwa na ndugu Majunga. Mwombe radhi. Akikufukuza, toka, urudi siku nyingine. Akikupokea, mwombe akupeleke kwa yule mama. Kwake usijieleze sana. Mwulize jina la mwanawe, mwinue mikono pamoja, mara hii mumwombee aliyekufa.

Kisha nenda Mutsamudu na Zalifa, kama atakubali kufuatana nawe. Mwulize kwanza Daktari Chanfi kama yuko radhi atajwe. Yeye hana kosa, na zama hizi jina la mtu si kitu cha kurusharusha. Asipopenda, sema tu daktari wa meno, watu wa mji mdogo watajijazia. Simama pale pale chini ya ngome, waambie vilivyo: nilivunjika meno, nilichongwa, iliuma, ikaisha, haya mnayoyaona ni kauri, na mwenye jino linalomsumbua asikae nalo. Echat usimtaje. Akitaka kutajwa atajitaja, ana mdomo wake, au sehemu yake iliyobaki.

Inzoudine mwarifu baadaye, si kabla. Ukimwarifu kabla utapata tena ruhusa ya kunyamaza. Kama bado atakutaka redioni, nenda ukaseme yote mawili, la mswaki na la daktari, tena redioni kweli huna kisingizio, umesema mwenyewe tabasamu halionekani. Asipokutaka, hilo nalo ni jibu.

Utaupoteza mchele, sikudanganyi. Inawezekana pia utapata usumbufu, nami nimekaa huku mbali kwenye kiti changu, siwezi kukudhamini. Lakini wewe ni mtu wa kalamu. Barua yako ni ndefu na ina makosa ya mwandishi wake, ila maandishi yake ni safi. Umeniambia waliosalimika Majunga wamefika hapo hawana kitu. Watu hao wanatafuta ndugu, wanahitaji mtu wa kuwaandikia. Kawaandikie. Hilo halitakulipa deni la Mvouni, lakini litakuweka karibu na watu uliowatumia wafu wao.

Kwa Zalifa sina ujanja wa kukupa. Usimwombe akuite Baba. Mwache alione jina hilo tena mwenyewe, likirudi limerudi.

Na hayo meno yasafishe, hasa pale kauri inapokutana na ufizi, kwa mswaki huo huo. Kauri haiozi, lakini mzizi ulio chini yake unaoza kama wa mtu mwingine yeyote.

Siku ukisimama mbele ya watu wa Mutsamudu usiwatanie na usitabasamu. Watakuuliza maswali, na baadhi watakutukana, na wenye uvimbe watakuja karibu wakuonyeshe. Ukishasema yako, funga mdomo, uwasikilize.

Bi Shufaa